Irja Maattala Anashuka Kwenye Mashine ya Barafu

Irja Maattala anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei. Amefanya kazi Chuo cha Agate Point miaka thelathini na minane na miezi minne. Miaka thelathini na saba kati ya hiyo ameikalia mashine ya barafu ya ukumbi wetu wa hoki ya barafuni. Amekosa kazini siku tano tu. Siku mbili alikuwa anajifungua. Siku tatu alikuwa anamzika baba yake, na ile ya tatu alirudi mchana, maana alisikia aliyeachiwa mashine kagonga ukuta.

Karatasi hizi za kuagana huwa zinaandikwa na ofisi ya habari. Ofisi ya habari ilifutwa Januari. Kocha Beauchamp akaniambia niandike mimi, Clyde Harju, kwa sababu nimefagia ukumbi ule na kusukuma theluji ya mlangoni pamoja na Irja miaka kumi na tisa. Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la tisa. Akasema, "Afadhali. Itakuwa fupi."

Irja alizaliwa maili sita kutoka hapa, kwenye shamba la viazi la baba yake. Chuoni aliingia Januari 1987. Kazi yake ilikuwa kuuza kahawa na soseji kwenye kibanda cha ukumbini. Aliuza mwaka mmoja na kidogo. Halafu dereva wa mashine, mzee Gunnar, akateleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga. Mtu aliyetembea juu ya barafu miaka ishirini hajaanguka hata siku moja. Mechi ilikuwa siku ileile. Mkuu wa michezo akasimama katikati ya ukumbi akauliza nani anajua kuendesha. Wanaume wakaanza habari za leseni na bima. Irja akavua aproni.

"Nimeendesha trekta la viazi tangu nina miaka tisa," akasema. "Hili halina hata jembe."

Akapanda. Hakushuka mpaka mwaka huu.

Kwa walimu ambao hawajawahi kuja mechi, na nawajua ni kina nani: mashine inakwangua barafu iliyochakaa, halafu nyuma inamwaga maji ya moto. Maji ya moto yanayeyusha mikwaruzo, yakiganda panakuwa kioo. Ukimwaga ya baridi yanaganda kabla hayajatulia, unapata kitu kama barabara ya changarawe. Irja hajawahi kumwaga ya baridi. Aliwahi kumfukuza mwenzetu mmoja kazini kwa kosa hilo, na hana hata cheo cha kumfukuza mtu. Yule bwana aliondoka tu. Mpaka leo anauza matairi.

Sheria yake ilikuwa moja. Barafu mpya haikanyagwi mpaka yeye aseme. Mwaka 1994 refa mmoja kutoka Detroit, na fulana yake ya mistari, aliingia mapema, anazunguka zunguka anajinyoosha. Irja akampigia honi.

"Wewe mwenye mistari! Toka!"

"Mama, mimi ndiye refa."

"Na mimi ndiye barafu. Toka."

Akatoka. Mechi ilichelewa dakika nne, na kwenye ripoti yake refa aliandika kwamba sababu ni hali ya hewa.

Kingine ni yule mchezaji aliyetaka kumchumbia mpenzi wake katikati ya uwanja, wakati wa mapumziko. Akaja kuomba ruhusa. Irja akampa sekunde tisini. Kijana akapiga goti, akaanza hotuba, ikawa ndefu, wanatajwa mpaka shangazi. Sekunde tisini zikaisha. Irja akawasha mashine. Akazunguka mara ya kwanza, msichana bado anafikiri. Akazunguka ya pili, karibu zaidi. Msichana akasema ndiyo mashine ikiwa imebakisha hatua tatu. Sasa wana watoto watatu na kila Krismasi wanamtumia Irja kadi. Irja anasema hotuba ile iliacha shimo kwenye barafu, umbo la goti.

Nina jambo moja la kwangu, nitalisema upesi. Mke wangu Marlys alifariki miaka sita iliyopita, mwezi wa Novemba. Irja hakuja kunipa pole. Alikuja kushika beleshi langu. Msimu wote wa baridi nikiamka nakuta njia ya mlango wangu imeshasafishwa. Machi nikamshukuru. Akasema, "Beleshi lako baya. Nunua lingine." Nilinunua.

Sasa msimu huu.

Septemba alikuja mkuu mpya wa chuo, Dakta Whitcomb, kutoka Arizona, jangwani. Mtu mwema, anasalimia kila mtu, anakumbuka majina. Wiki ya tatu akatuita ukumbini. Tukamtandikia zulia juu ya barafu asianguke. Akasema chuo lazima kipunguze mambo, na timu ya hoki imo kwenye orodha. Baraza la chuo litapiga kura Februari. Hoki ikifutwa, ukumbi unafungwa, barafu inayeyushwa, na jengo linakuwa ghala la madawati.

Irja akanyoosha mkono. "Madawati gani?"

"Ya ziada, Bi. Maattala."

"Tuna watoto wachache hivyo mpaka madawati yanatafutiwa nyumba?"

Dakta akasema swali ni zuri. Kisha akauliza kama kuna swali lingine.

Msielewe vibaya, Irja hakuwa anapigania mkate wake. Ana miaka sitini na sita na magoti yote mawili yamekwisha. Alitaka kustaafu miaka mitatu iliyopita. Lakini alipouliza nani atashika mashine, ofisi ikamjibu kwamba akiondoka nafasi haitajazwa. Akabaki. Aliniambia mara moja tu, tunakula mchana kwenye chumba cha mitambo. "Clyde, sitaki kuwa wa mwisho. Gunnar aliniachia kiti. Na mimi nataka nimwachie mtu." Akamaliza mkate wake.

Timu yetu inaitwa Nungunungu. Msimu ulianza na wachezaji ishirini na watano. Habari za kufutwa ziliposikika, wenye akili wakahamia vyuo vingine. Wakabaki kumi na wanne. Kipa wa akiba alikuwa anasomea filimbi. Nahodha, Nels Okerlund, alicheza nafasi tatu tofauti kwenye mechi moja, na mara moja kwa bahati mbaya akamkaba mwenzake. Mpaka Februari tulikuwa tumeshinda mara tatu. Moja ya hizo wapinzani walijifunga wenyewe, na tuliisherehekea kuliko zile mbili.

Halafu kulikuwa na mechi mbili ambazo hatukucheza kabisa. Novemba basi lilikwama kwenye theluji, timu ikalala kwenye ukumbi wa kanisa, mechi ikapita. Januari mafua yakalaza wachezaji tisa siku moja. Ligi ikaandika barua. Chuo kikikosa mechi ya tatu, kinatolewa kwenye ligi. Hakuna rufaa. Dakta Whitcomb alitusomea barua ile mkutanoni, akasema ikitokea hivyo baraza halitahitaji hata kupiga kura. Alisema kwa huzuni, lakini nilimwona mtu aliyepata njia ya mkato.

Desemba ikaja amri ya kupunguza joto kwenye vyumba visivyo na watu. Chumba cha mitambo kikaandikwa kuwa hakina watu. Irja akapeleka barua ofisini. Nimeiona. Ilikuwa na maneno matatu: "Mimi ni mtu." Joto halikurudi.

Jumamosi tarehe 15 Februari ilikuwa mechi yetu ya mwisho ya nyumbani. Tunacheza na Chuo cha Mtakatifu Odilo, kutoka Indiana kusini. Kuanza saa nane mchana. Irja alifika saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Nilipofika mimi nilimkuta amesimama ndani ya maji mpaka vifundoni. Bomba la chumba cha mitambo lilikuwa limeganda, likapasuka, maji yakaingia kwenye kompresa. Boila la maji ya moto nalo likaungua. Mashine ya kutengeneza baridi ilikuwa imekufa kwa baridi.

Fundi wa karibu kabisa yuko mbali, Green Bay. Akasema atafika Jumatatu.

Tukaenda kutazama uwanja. Barafu inatoka jasho. Kule kwenye goli la kusini unaweza kujiona uso.

"Kwisha," nikasema.

Irja akaniuliza, "Nje digrii ngapi?"

"Ishirini na mbili chini ya sifuri."

"Sasa tunalilia baridi ya nini? Fungua milango."

Tukafungua yote. Mlango wa mashine, mlango wa magari, ile ya dharura inayopiga kengele. Upepo wa lile ziwa kubwa la jirani ukaingia upande huu ukatokea upande ule. Kengele ikalia mpaka Irja akaipiga na ufagio. Saa nne barafu ikaacha kutoka jasho. Saa sita ilikuwa ngumu kama chuma. Ila ilikuwa imeganda na kila alama ya usiku, vidimbwi na vilima. Nels akaijaribu na viatu vyake vya kutelezea, akaenda hatua sita akakaa chini bila kutaka.

"Mama Irja," akasema akiwa pale chini, "hapa nahitaji punda."

"Nyamaza uinuke. Nahitaji maji ya moto. Galoni mia mbili."

Maji ya moto hayakuwepo. Mabweni yalikuwa kwenye boila lilelile. Irja akasimama, akakuna magoti, akaniuliza leo siku gani.

"Jumamosi."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaenda kwenye simu.

Jumamosi, mji huu kila nyumba inawasha sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke. Iko nyuma ya nyumba, jiko la kuni, mawe juu, na pembeni pipa la maji ya moto la kuogea. Babu zetu waliifanya hivyo na sisi hatujaona sababu ya kubadili siku. Kuanzia saa sita moshi unaanza. Irja akampigia Bernice Lahti. Bernice ndiye anayeshika simu za akina mama wa kanisa. Yeye anawapigia wawili, hao wawili wanawapigia wawili wawili, na ndani ya dakika ishirini mji mzima unajua.

Tatizo ni kwamba simu hizo hupigwa kwa msiba tu. Hazijawahi kupigwa kwa kitu kingine. Watu wakisikia ni simu hiyo na jina la mtu hawangoji mwisho. Wanasema "masikini", wanakata simu, wanatoa bakuli la makaroni kwenye friza.

Kwa hiyo watu ishirini wa kwanza kufika ukumbini hawakuja na maji. Walikuja na vyakula vya matanga. Wa kwanza alikuwa Arne Tuohimaa, amevaa suti, amebeba bakuli kwa mikono miwili. Akaingia, akamwona Irja juu ya mashine.

"Ala!" akasema. "Mbona uko hai?"

"Maji yako wapi, Arne?"

"Maji gani? Mke wangu analia kwenye gari."

"Mwambie anyamaze akalete maji ya sauna. Yote. Na wewe uvue hiyo suti."

Arne akaweka bakuli juu ya benchi la wachezaji. Nyuma yake wakaja wengine, mabakuli yakapangwa benchi zima. Wengine walikasirika kidogo. Mama mmoja akasema aliacha unga nusu umekandwa kwa ajili ya Irja na Irja hana hata homa. Lakini wote waligeuza magari. Hebu fikirieni. Mtu amengoja sauna yake wiki nzima, maji yamechemka, na sasa anayabeba kwenda kumwagia watoto wa watu wacheze hoki. Walileta kwa ndoo, kwa madebe ya maziwa, kwa masufuria ya harusi. Mzee mmoja alileta na matawi ya mberoshi yakiwa ndani, yale ya kujichapia mgongo. Irja akayachuja kwa mkono. Si yote. Barafu ya siku ile ilikuwa na majani, na ilinukia kuliko siku zote.

Saa saba kasoro Dakta Whitcomb akafika. Amevaa koti la Arizona. Ana karatasi mkononi.

"Bi. Maattala, tafadhali funga milango. Nasikitika sana. Mechi haiwezekani, nimeandika taarifa."

"Refa ndiye anayesema inawezekana au haiwezekani," Irja akasema. Hakuacha kumimina.

"Basi refa yuko wapi?"

"Anavaa soksi ya tatu."

Dakta akaanza kueleza habari ya usalama. Wakati anaeleza, mke wake Celeste akaingia na ndoo mbili zinazotoa moshi. Nyumba ya mkuu wa chuo ni nyumba ya zamani, ina sauna nyuma. Wao walikuwa wameifanya stoo ya magongo ya gofu. Simu za Bernice zilifika kila nyumba yenye sauna, hazikuruka hata moja. Na Celeste, maana ni mgeni, ndiye peke yake mji mzima aliyesikiliza simu mpaka mwisho. Akatoa magongo akayatupa kwenye theluji, akawasha kuni.

"Celeste, unafanya nini?"

"Nabeba maji, Prescott. Shika hii, mkono unaniuma."

"Mpenzi, mechi imefutwa."

"Nimekaa miezi sita mji huu, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kanipigia simu. Shika ndoo."

Akashika. Na alipokuwa ameishika, amejikunja, pua nyekundu, maji yamemrukia suruali na tayari yameganda, mpiga picha wa gazeti la mji akampiga picha. Dakta aliileta ile ndoo mpaka kwenye mashine. Kisha, sijui kwa nini, akarudi kuchukua nyingine.

Sasa kosa langu. Irja ameniambia nikiandika karatasi hii bila kulitaja atalisimulia mwenyewe kwa kipaza sauti. Tangi lilikuwa limebakiza kidogo kujaa. Nikaona ndoo imekaa pembeni, nikaimwaga. Ilikuwa ya familia ambayo tayari ilikuwa imeoga. Ilikuwa na sabuni. Irja alipomaliza kuzunguka, uwanja wote uling'aa, isipokuwa mbele ya goli la kaskazini. Pale palikuwa na povu lililoganda, jeupe, ukubwa wa meza ya watu wanane.

Irja akalitazama. Akanitazama.

"Harju."

"Naam."

"Wewe hunusi?"

Hapakuwa na muda wa kurekebisha. Refa akaja na soksi zake, akapiga barafu kwa kisigino, akatazama majani, akatazama povu. Akasema kwenye kitabu cha sheria hakuna neno linalokataza povu. Saa nane kamili, mechi ikaanza.

Watu mia nne walisimama, maana kukaa kulikuwa ni kuganda. Filimbi ya refa iliganda dakika ya tatu, ikabidi apige kelele kwa mdomo, "Simama! Wewe! Simama!" kama mtu anayefukuza mbuzi. Kile kidonge cheusi cha raba kinachochezewa kilikuwa kinateleza uwanja mzima kama risasi, kikifika kwenye povu la sabuni kinakufa palepale. Kipindi cha kwanza goli la kaskazini lilikuwa lao. Nels akapiga kutoka mbali. Kipa wao akaruka kukidaka, akakikosa, maana kidonge kilikuwa hakijafika. Kimesimama mbele yake kinapumzika. Nels akateleza mpaka pale, akakisukuma taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto. Moja bila. Ukumbi ulipiga kelele mpaka barafu ya darini ikadondoka.

Kipindi cha pili tukabadilishana magoli, na lile povu likawa letu. Wakafunga manne. Nitaishia hapo.

Mapumziko ya pili, kabla ya kipindi cha tatu na cha mwisho, ndipo kila kitu kilipokaribia kuharibika. Kocha wa Mtakatifu Odilo akamfuata refa. Vijana wake walikuwa wanatetemeka, mmoja ulimi ulikuwa umenata kwenye kikinga uso chake cha chuma.

"Tunaondoka," akasema. "Huu si mchezo, hili ni friza."

Wakiondoka, mechi haikuisha. Haikuisha, haihesabiki. Haihesabiki, ni ya tatu tuliyokosa. Kila mtu ukumbini alijua. Dakta Whitcomb alijua pia. Nilimwona amesimama na ndoo yake tupu.

Irja akashuka kwenye mashine. Akashuka vibaya, goti lilimkataa, nikamshika. Akaenda kwenye lile benchi lililojaa vyakula. Arne alikuwa ameyapitisha mabakuli kwenye jiko la kibanda cha soseji, yalikuwa ya moto. Irja akachukua bakuli mbili, akaingia chumba cha wageni bila kubisha hodi. Nikamfuata na makaroni.

"Wanangu," akasema, "hiki ni chakula cha msiba wangu. Mkikiacha mtakuwa mmenitukana."

Mmoja mrefu akauliza, "Mama, umefiwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Kula."

Wakala. Wali wa kuku, makaroni ya jibini, pai za nyama, viazi vya krimu. Kocha wao alisema hataki. Celeste akamwekea sahani mapajani. Akala mara mbili. Wapo waliovuliwa viatu wakasuguliwa miguu na akina mama wa kanisa, na sijaona vijana wakubwa wametulia namna ile. Dakika kumi na nane zikapita. Yule mrefu akasimama, akafuta mdomo. "Kocha," akasema, "dakika ishirini tu zimebaki. Siwezi kula msiba wa mtu halafu nikakimbia."

Wakarudi uwanjani. Wazito kidogo kwa sababu ya viazi, lakini walirudi. Wakafunga mawili zaidi. Tukafungwa sita kwa moja, na saa ya ukutani ilipofika sifuri, ukumbi ulishangilia kama tumetwaa kombe. Wageni walidhani tuna kichaa. Refa akatia sahihi. Kalamu ilikuwa imeganda wino, akaipashia kwapani, akatia. Mechi imechezwa. Ligi haikuwa na la kusema.

Ikabaki kura, Jumanne.

Jumapili gazeti likatoka. Ukurasa wa kwanza, Dakta Whitcomb na ndoo. Maandishi makubwa: MKUU WA CHUO AOKOA HOKI. Maskini. Siku mbili hakuweza kutembea bila kushukuriwa. Kituo cha mafuta walimpigia makofi. Kinyozi alimkumbatia na mkasi mkononi. Kanisani mchungaji alimwombea jina lake zima. Jumatatu akakuta pai saba mlangoni na jozi ya buti za theluji, saizi yake. Hakuna aliyemwuliza maoni yake. Kila mtu alimshukuru tu.

Jumanne tulijaa chumba cha mkutano mpaka korido. Irja hakuja. Alikuwa na barafu ya kukwangua. Kompresa ilikuwa imetengenezwa, na alisema hamwachii mtu siku ya kwanza. Wajumbe kumi wa baraza wakapiga kura. Watano wafute, watano wabakize. Kura ya kuamua ikawa ya Dakta. Akasafisha koo. Akapanga karatasi zake. Akasema suala hili lina pande nyingi. Celeste alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu yangu, amevaa buti.

"Prescott," akasema, si kwa sauti kubwa. "Mkono."

Akainua mkono. Hoki inabaki, na ukumbi unabaki, na mwenyekiti akasoma kipengele cha mwisho: nafasi ya dereva wa mashine itangazwe kabla ya mwezi kuisha.

Nilikimbia kwenda ukumbini, na mimi sikimbii. Irja alikuwa juu ya mashine, raundi ya katikati. Nikampungia mikono. Akanionyesha kidole, ningoje. Akamaliza ile raundi, na nyingine, na ile ya pembeni. Akaja, akazima.

"Imebaki," nikasema. "Na kiti chako wanakitangaza."

Alivua glavu moja, akaivaa tena. Halafu akasema, "Kalamu unayo?" Akaandika barua ya kustaafu juu ya usukani, na mimi ndiye niliyeipeleka.

Waliomba kazi watu wanne. Irja aliwajaribu mwenyewe. Mmoja alimkataa kwa jinsi alivyofunga mlango wa gari lake. Aliyepata ni Loretta Cadotte, aliyeendesha gari la kusukuma theluji la kaunti miaka kumi na tano. Wiki iliyopita Loretta alifanya barafu peke yake mara ya kwanza. Irja alikaa jukwaani, safu ya tatu, na kahawa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye viti vile. Loretta akazunguka vizuri, ila karibu na lango akaruka kipande, mstari mkavu, upana wa kiganja.

Irja akanipiga kiwiko karibu anivunje mbavu.

"Umeuona ule mstari, Clyde? Umeuona? Ovyo kabisa!"

Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile.

Irja, asante. Kwa barafu, kwa njia ya mlango wangu, kwa kila honi uliyotupigia tulipostahili. Chuo kizima kinakushukuru, na Nungunungu kumi na wanne wamesema niandike kwamba wanakupenda, basi nimeandika. Nenda nyumbani. Magoti yapumzike, sauna iwe moto kila Jumamosi na maji uogee mwenyewe. Uishi miaka mingi, ulale mpaka jua litoke. Na ukija kumkagua Loretta, njoo Jumatano. Siku nyingine amesema atafunga mlango.

Clyde Harju
Ukumbi wa Barafu